Ukisalimiwa, Rudi Nati ya Kwanza

Nyinyi mnaoanza kazi ya magari mwaka huu, na hata nyinyi wa ofisini mnaosoma hapa kupitisha muda, hamjambo. Mi naitwa Donati. Nimekaza magurudumu ya watu kule Buyenzi miaka thelathini na minne, na leo nimekaa nyumbani Mutakura, magoti yanalia kila nikiinuka. Nina jambo moja tu la kuwaambia. Lakini mi ni mtu wa maneno mengi, kwa hiyo vumilieni, litafika.

Kilichonisukuma ni mjukuu wangu Nadine. Anasoma chuo, mwaka wa pili. Wiki iliyopita alibandika karatasi ukutani, kaitoa kwenye simu, kwa bwana mmoja tajiri wa nchi sijui gani: kuamka saa kumi na moja, kunywa maji ya moto, kukimbia, kisha kusoma saa mbili nzima bila kusema na mtu. Nadine huyo! Msichana ambaye hawezi kumenya kitunguu bila kusimulia. Siku ya kwanza aliweza. Ya pili akaweza nusu. Ya nne nikamkuta amekaa mlangoni, machozi yanamtoka, ananiambia, "Babu, mi sina nguvu ya roho. Mi ni mutu wa bure."

Nikacheka, Mungu anisamehe. Nikamwambia, "Apana, mwanangu. Umevaa ovaroli ya mutu mwingine, ndiyo maana unajikwaa." Kisha nikamsimulia habari ya Mama Yvette na nati zake tatu, naye akasema lazima niiandike.

Kwanza mjue mi ni mtu gani. Garaji yetu ilikuwa wazi upande wa barabara. Hakuna ukuta, hakuna geti, ni bati juu na mafuta chini. Nusu ya Bujumbura ilipita pale, na mi nilitaka kuisalimia nusu hiyo yote. Na salamu za kwetu mnazijua. Si kuinua kidole na kuendelea. Unaweka spana chini, maana kumsalimia mtu umeshika chuma ni kama unamfukuza. Unapangusa mkono, na mafuta yasipotoka unampa kifundo cha mkono akishike. Amahoro? Ni amahoro. Nyumbani? Watoto? Yule aliyekuwa mgonjwa? Mahindi mumevuna? Na msiba ule, mulimaliza salama? Ukikatisha katikati, kesho utasikia Donati siku hizi amekuwa mkubwa.

Nilipenda salamu hizo kuliko kula. Mke wangu Esperansi alikuwa akisema mi nimeajiriwa na barabara, garaji ni mahali pa kusimama tu.

Aliyenifundisha kazi ndiye aliyekuwa mwenye garaji, Muzee Zakariya, na huyo alikuwa mtu wa aina nyingine kabisa. Akishika gurudumu, anavuta kofia mpaka kwenye nyusi, na hata angepita askofu asingeinua kichwa. Watu walimzoea. Walipita wakisema, "Muzee yuko ndani ya kofia," wakaendelea na safari yao. Akimaliza anavua kofia, ndipo anasalimia, tena kwa upole mpaka unaona haya kumlaumu. Katika miaka yote niliyomjua, hakuna gurudumu lililotoka mkononi mwake likarudi.

Langu lilirudi. Au tuseme nati zake ndizo zilizorudi.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Mama Yvette, mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa akikaa Kibenga, alileta gari lake dogo la bluu, tairi ya nyuma imechomwa na msumari. Kazi ya watoto. Nikaziba, nikarudisha gurudumu, nikatia nati zote tano kwa vidole, nikachukua spana nikaanza kukaza. Nilikuwa nimekaza ya pili niliposikia, "Donati! Ungali hai?" Nikageuka. Kaspari! Mwalimu wa kwaya yetu, ambaye alikuwa amekaa Uvira, upande wa Kongo, miaka miwili hatujamwona. Yee! Nilitupa spana. Tulikumbatiana mpaka shati lake likawa na picha yangu ya mafuta. Akanisimulia Uvira yote, nami nikamsimulia Mutakura yote. Alipoondoka, nikarudi kwenye gari na moyo mweupe, nikashusha kriki iliyoinua gari, nikabandika kifuniko cha gurudumu, nikamwambia Mama Yvette, "Iko tayari, mama. Safari njema."

Alikuwa na watoto watatu ndani, wawili wake na mmoja wa jirani.

Kabla ya saa sita akarudi kwa pikipiki ya taksi, bila gari, bila watoto. Hakupiga kelele. Laiti angepiga! Alikuja mpaka mbele yangu, akasema, "Donati, fungua mukono." Nikafungua. Akafungua leso, akaniwekea nati tatu, moja moja.

"Hizi mbili zilikuwa zinapiga kelele ndani ya kifuniko," akasema. "Nilizisikia nilipofika Kinindo, nikafikiri ni jiwe. Hii ya tatu nimeitoa mimi mwenyewe na vidole. Gurudumu lilikuwa linacheza, Donati. Watoto walikuwa wanaimba nyuma yangu."

Nikauliza tu, "Watoto wako wapi?"

"Nimewaacha kwa mulinzi wa nyumba moja pale," akasema. "Mi hapa sitarudi." Muzee Zakariya akazichukua zile nati mkononi mwangu, akapanda pikipiki nyingine, akaenda kukaza gurudumu lile yeye mwenyewe, na aliporudi aliketi kwenye tairi kuukuu akaniita.

"Nakupa mwezi moja," akasema. "Gurudumu likitoka hapa limelegea, hata nati moja, utatafuta kazi nyingine. Sikufukuze kwa hasira. Ni juu ya wale watoto."

Nilikuwa na watoto watatu wa kwangu, na kazi nyingine sikuijua. Lakini niwaambie kweli, kilichoniuma zaidi ni zile nati mkononi. Usiku na mchana nilizihisi pale katikati ya kiganja.

Basi nikaamua kuwa Zakariya. Si ndiye hakosei? Jumatatu nikaja na kofia. Nikaivuta mpaka kwenye nyusi. Watu wakapita, "Donati, amahoro!" Kimya. "Donati, we unaumwa?" Kimya. Jasho linanitoka, ulimi unawasha, lakini kimya. Saa nne akapita mwanamke mmoja, akasimama nyuma yangu, akasema kwa sauti ya chini, "Amahoro, baba." Kimya. Akasubiri kidogo, akaondoka.

Kumbe alikuwa mamamkwe wangu, ametoka sokoni na samaki wake wa ndagala.

Nilipofika nyumbani, Esperansi alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni. "Umemunyima mama yangu salamu mbele ya Buyenzi yote? Nasikia hata shingo haukugeuza!" Nikamwelezea habari ya kofia. Akaniambia kofia hiyo niilaze nje. Ilibidi Jumapili nibebe kreti ya bia mpaka kwa wakwe, nikae kwenye kiti kifupi, nisikilize wajomba wanne wakinifundisha adabu kwa zamu. Mamamkwe mwenyewe alicheka mwishoni. Kofia nikampa mtu.

Nikajaribu chaki. Fundi mmoja aliniambia kila nati ukiikaza, itie alama nyeupe. Wazo zuri sana kwa mtu anayefanya kazi kimya. Kwangu ilikuwa hatari kuliko mwanzo. Siku ya tatu nilikuwa nikizungumza na jirani kuhusu arusi ya binti yake, mkono ukatia chaki nati ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano, na spana iko chini palepale. Zakariya ndiye aliyeinama akajaribu moja kwa vidole, ikazunguka kama kifuniko cha chupa. Gari lilikuwa halijatoka, kwa hiyo halikuhesabiwa. Kuanzia hapo nikajua alama inaweza kudanganya kwa sababu mkono unaoiandika ni ule ule unaosahau.

Wakati huo wiki mbili zilikuwa zimekwisha, na nililala vibaya.

Hapa nikae kidogo na Rashidi, fundi wetu wa rangi, maana yeye ndiye alinifungua macho bila kujua. Rashidi alikuwa mvivu, mwenyewe anakubali. Ubaya wa fundi rangi mvivu ni kwamba asipoosha bomba la kupulizia rangi mara moja, rangi inakauka ndani na bomba linakufa. Yeye akishakula mchana, huwezi kumwinua hata na kriki. Sasa alifanya nini? Alipigilia msumari mmoja juu ya ndoo ya petroli. Asubuhi anatundika chakula chake pale. Msumari ule ulibeba kitu kimoja tu, na bomba mahali pake ni pale pale. Alijiwekea sharti: hashushi chakula mpaka bomba limeoshwa kwenye ndoo ile, tayari kuchukua nafasi yake. Basi. Hakujilazimisha kuwa hodari. Alijua anapenda nini, akakiweka nyuma ya kazi. Nilimuuliza kwa nini hakuweka nia tu ya kuosha. Akanijibu, "Nia? Mi najijua, sha. Nia yangu inakwenda kulala mbele yangu."

Nilicheka siku nzima. Lakini jioni, kwenye mazoezi ya kwaya, nikaelewa. Tulikuwa katikati ya wimbo, akaingia soprano mmoja amechelewa, na kwa kuwa alikuwa ametoka kujifungua, wote tukaacha kuimba tukamsalimia, tukamuuliza mtoto, tukapiga vigelegele. Kisha bass mmoja akauliza, "Tulifika wapi?" Kaspari, yule yule Kaspari wa Uvira, akapiga fimbo yake kwenye meza: "Hakuna kufika. Mukizungumuza, tunaanza mwanzo."

Nikasimama pale na kitabu cha nyimbo mkononi, mdomo wazi. Kosa langu halikuwa kusalimia! Kosa langu lilikuwa kurudi na kujiuliza nilifika wapi, halafu kujijibu. Mi nikitoka kwenye mazungumzo nina furaha, na mwenye furaha anajijibu kwamba amemaliza.

Asubuhi nikaanza. Sheria ilikuwa fupi, hata mtoto anaikumbuka: ukisalimiwa, rudi nati ya kwanza. Nati ya kwanza ni ile iliyo karibu na pale pa kutilia upepo, kila gari, kila gurudumu, ili nisichague. Kutoka hapo unaruka moja, unaruka moja, mpaka zote tano, gari likiwa bado juu. Unalishusha, unazunguka tena zote, na hapo ndipo unaegemea spana kwa mwili. Kifuniko ni cha mwisho. Mtu akisema amahoro mahali popote katikati, naweka spana chini kwa raha zangu, nampa kifundo, namuuliza mpaka mbuzi wake. Akiondoka, siulizi kitu. Pa upepo, nati ya kwanza.

Mikono iliniuma, sikatai. Kuna gurudumu moja la lori la mchanga nililikaza mara saba, maana ilikuwa siku ya soko. Rashidi akaniita toka kwenye rangi yake, "Donati, gurudumu hilo unalikaza ao unalioa?" Garaji nzima wakacheka. Lakini nililala usingizi wiki ile. Na mjue, sikuongeza akili yoyote. Nilibaki mpiga domo yule yule, ila sasa mazungumzo nayalipia kwa mabega yangu mwenyewe, si kwa watoto wa watu.

Siku hizi mna mashine ya upepo, trrr, trrr, imekwisha. Nzuri sana, ningekuwa na umri wenu ningeibusu. Lakini nimekaa kwenye garaji za sasa nikaangalia: mtu anapiga trrr nne, simu inalia, anapokea, anarudi, anaondoa kriki. Mashine haijui kuhesabu mpaka tano. Kwa hiyo nawauliza, wewe kosa lako linaingilia mlango gani? Labda ni simu, au njaa. Labda ni haraka ya kumfurahisha kliyanti anayepiga miguu chini. Weka desturi yako pale mlangoni pa kosa lako, iwe ndogo, na isikutake uzaliwe upya kwanza. Nadine ameshatoa ile karatasi ukutani. Siku hizi anasoma huku akipiga pasi nguo za nyumba nzima, anajieleza masomo kwa sauti kubwa, na mi sasa najua mambo ya uchumi ambayo sikuyaomba.

Lakini nilikuwa sijamaliza habari yangu. Mwezi ulikuwa umebakiza siku mbili, gari la bluu likaja.

Mama Yvette alikuwa anakwenda Gitega kwenye arusi ya mdogo wake, kupanda ile milima yote, na tairi za mbele zilikuwa zimekwisha. Alinunua mpya, akaja nazo. Hakunitazama. "Nimekuja kwa Muzee," akasema. "Sikuje kwako."

Muzee Zakariya akainua mkono wa kulia. Ulikuwa umefungwa bandeji mpaka kiwiko, bati lilikuwa limemkata juzi yake. "Mama, mi leo siwezi kushika spana. Ni Donati, ao urudi wiki ijayo."

Arusi ilikuwa kesho yake. Niliona anavyopigana moyoni. Watoto wake wawili na yule wa jirani walikuwa wameshateremka, wamevaa nguo za safari. Akawavusha barabara, akawaweka kwa muuza matunda upande wa pili. Nikamsikia akiwaambia, "Mungoje hapa. Nitaendesha peke yangu kwanza mpaka kule chini na kurudi. Nikirudi salama, ndiyo mutaingia." Kisha akaja, akavuta kiti, akaketi hatua mbili kutoka mgongoni mwangu, mikono amefumbata. Zakariya akasimama mlangoni mwa stoo. Jamani, mtu asiwaambie kukaza nati ni kazi rahisi.

Gurudumu la kushoto lilikwenda vizuri, mtu mmoja tu alisalimia. La kulia ndiyo Buyenzi yote ikakumbuka kunipenda. Nimekaza tatu, "Donati, amahoro!" Nikaweka spana, nikasalimia, nikarudi pa upepo. Nimekaza nne, akaja yule mama wa kwaya aliyejifungua. Nikasalimia, nikauliza mtoto, nikarudi pa upepo. Nimeshusha gari, nazunguka mara ya mwisho, nimefika ya tatu, akatokea Kaspari, nikaweka spana tena. Nikamwona Mama Yvette amefumba macho kama anaomba.

Nilipoweka spana tena kwenye nati ya kwanza, akashindwa. "Lakini hiyo umekwisha kuikaza! Mi nimehesabu. Hiyo, na hiyo, na hiyo. Zimebaki mbili."

"Ni kweli, mama," nikasema. "Lakini nimesalimiwa."

"Na ukisalimiwa?"

"Naanza mwanzo. Mi sitoshi kukumbuka, mama. Nilijua siku ile ya leso."

Nikaegemea ya kwanza, haikusogea. Ya pili, haikusogea. Ya tatu, ambayo yeye ameihesabu na mi ningeapa mbele ya padri kwamba nimeikaza, ikalia, ikazunguka. Nusu nzima ya mzunguko. Alisikia. Alisimama akaja akainama karibu yangu, akaangalia nati ile.

"Hiyo ungesema imekazwa?"

"Ningesema, mama. Ningekutakia na safari njema."

Nikamalizia ya nne na ya tano, nikabandika kifuniko. Zakariya akapita nyuma yangu akasema taratibu, "Kesho uje mapema, kuna malori mawili," na hivyo ndivyo nilivyojua nimebaki na kazi. Lakini sikuwa namwangalia yeye. Nilikuwa namwangalia Mama Yvette.

Alipanda kwenye gari, akawasha. Akakaa hivyo kidogo, mikono kwenye usukani, anaangalia ile barabara ya kwenda chini aliyosema ataijaribu peke yake. Kisha akateremsha kioo, akawaita watoto upande wa pili.

"Mukuje," akasema. "Ingieni, tunakwenda."